Kutoka majimbo hadi ugatuzi: Katiba inasema lugha ya nani?

MANENO ya katiba hayazaliwi kamusini. Huzaliwa katika mivutano ya siasa, na mengine hufia humo humo. Chukua neno ‘majimbo’. Wanafunzi wangu hapa Kakamega hulijua zaidi kwa kutajia sehemu za Marekani. Hushangaa ninapowaeleza kwamba mji huu uliwahi kuwa makao ya jimbo lenye bunge lake.

Katiba ya Uhuru, iliyojadiliwa Lancaster House jijini London, iliigawa Kenya katika majimbo saba, mbali na Nairobi. Ronald Ngala na Masinde Muliro wa chama cha KADU waliutetea mfumo huo wakihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na kubwa. KANU, chini ya Jomo Kenyatta, iliuona kuwa ghali na wa kuwatenganisha wananchi. KANU ikashinda uchaguzi wa Mei 1963, na KADU ikajivunja Novemba 1964.

Baada ya hapo bomoabomoa ikaanza. Majimbo yalipokonywa mamlaka na kugeuzwa mikoa. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kurekebisha katiba kilishushwa hadi asilimia 65 ya wabunge. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuivunja Seneti. Mwaka 1982 Bunge lilo hilo liliingiza kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na Desemba 1991 likakiondoa. Katika hatua zote hizi, hakuna aliyemuuliza mwananchi maoni yake kwa kura. Kumbe nyumba ilikuwa na milango mizuri ila haikuwa na kufuli.

Katiba ya sasa, iliyopitishwa na wapigakura tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 27 mwezi uo huo, ilijaribu kutia kufuli hiyo. Ina sura 18, vifungu 264 na majedwali sita. Kifungu cha 1 chasema mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 2 chaiweka Katiba juu ya sheria nyingine zote. Cha 10 chataja maadili ya taifa. Sura ya Nne yaeleza haki, nayo ya Kumi na Moja yaunda serikali za kaunti, ambazo ni 47. Neno ‘majimbo’ halikurudi. Kampeni za 2007 zilikuwa zimelitia doa upya. Badala yake tukapata ‘ugatuzi’, na pamoja nalo ‘kaunti’ na ‘gavana’, maneno ambayo leo hata mama mboga anayatamka bila kigugumizi.

Kufuli yenyewe imo katika kifungu cha 255. Kinaorodhesha mambo kumi, yakiwemo haki za binadamu, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na muundo wa ugatuzi, ambayo hayawezi kubadilishwa bila kura ya maamuzi. Tena, angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa lazima wajitokeze katika walau nusu ya kaunti. Ndiyo maana Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa tarehe 31 Machi 2022 kuhusu BBI, haikukubali kwamba nadharia ya ‘muundo msingi’, iliyoasisiwa na majaji wa India mwaka 1973, inatumika Kenya. Ulinzi uliomo katika Katiba, ilisema, unatosha. Hata hivyo, iliizima BBI kwa sababu rais hana ruhusa ya kuanzisha marekebisho kwa njia iliyotengewa wananchi.

Sasa tuje kwenye lugha. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini soma kifungu cha 259(2): matoleo ya Katiba yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Yaani mwenye nchi anaambiwa mamlaka ni yake, ila hati ya kumiliki inasomwa kwa lugha nyingine! Kenyatta alipoagiza mwaka 1974 Kiswahili kitumike bungeni, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Miaka 36 baadaye tukaurudia mtindo ule ule.

Wapo mawakili wanaosema kwamba Katiba iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, hivyo lazima pawe na toleo moja la kutegemewa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Katiba ya Kanada ya 1982 inayapa matoleo ya Kiingereza na Kifaransa nguvu sawa, na majaji wa huko huyasoma yote mawili pamoja.

La kutia moyo ni kwamba kifungu cha 259 hakimo katika yale mambo kumi. Kwa usomaji wangu, Bunge laweza kukirekebisha kwa thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote, bila kura ya maamuzi. Kabla ya hapo, wanasheria na wanaisimu waketi pamoja, walipitie toleo la Kiswahili neno kwa neno, waondoe utata wowote. Kazi hiyo vyuo vyetu vinaiweza, mradi vipewe idhini na fedha.

Mzee wa Malava au Ikolomani anayesoma Katiba kwa Kiswahili anastahili kujua kwamba anachokisoma ndiyo sheria, wala si fununu yake.