Mpira, Shule na Lugha katika Buganda, 1900–1930

1. Utangulizi

Historia ya kandanda nchini Uganda huanzia kwa wamisionari wa Kianglikana wa mwishoni mwa karne ya 19, na aghalabu hutajwa jina la Robert Walker wa Namirembe. Simulizi hilo lina ukweli, lakini humfanya Mganda kuwa mpokeaji tu. Makala haya yanadai kwamba tukiusikiliza msamiati wa mchezo huo, tutamwona mchezaji mwenyewe akiutafsiri.

2. Shule na uwanja

Mwaka 1892 vyama vya Waprotestanti na Wakatoliki vilipigana Mengo. Jeraha hilo lilikuwa bado bichi shule kubwa zilipoanzishwa: Namilyango mwaka 1902 chini ya mapadri wa Mill Hill, na King's College Budo mwaka 1906 chini ya Waanglikana, ikiongozwa na H. W. Weatherhead. Budo ilijengwa juu ya kilima ambako Makabaka husimikwa, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wana wa machifu.

Katika shule za bweni za Kiingereza zilizoigwa hapa, mchezo haukuwa burudani tupu. Kijana aliyezaliwa kuamrisha alitakiwa kutii filimbi, kumpa mwenzake mpira, na kushindwa bila kulipiza kisasi. Si kwamba Buganda haikuwa na michezo. Mieleka, yaani ekigwo, ilikuwa na heshima yake tangu zamani. Lakini mieleka humpambanua mshindi mmoja, ilhali kandanda hugawa sifa kwa wachezaji kumi na mmoja. Kwa jamii iliyokuwa ikifunza watawala wake upya baada ya Mkataba wa 1900, tofauti hiyo ilikuwa ya kisiasa.

3. Ushahidi wa lugha

Kiswahili husema mpira, mipira. Kiganda husema omupiira, emipiira. Ngeli ni ile ile, na maana zimeandamana: utomvu wa mti, kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, na hatimaye mchezo wenyewe. Wanafunzi hawakuhitaji kuazima jina la Kiingereza. Jambo hili halishangazi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimesikika katika baraza la Kabaka Muteesa I kabla wamisionari hawajafika, kikiletwa na wafanyabiashara kutoka pwani.

Hata hivyo, lugha hizi mbili zinaachana golini. Mswahili hufunga bao, neno linalotukumbusha ubao wa mchezo wa kete. Mganda hutumia kitenzi okuteeba, ambacho pia kina maana ya kukisia. Mmoja anahesabu, mwingine analenga. Kila jamii ilichota kutoka kisima chake, na hakuna mwalimu wa kigeni aliyeamuru uteuzi huo.

4. Hitimisho

Mwaka 1926 Uganda na Kenya zilianza kushindania Kombe la Gossage. Miaka mitatu baadaye, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mpango wa serikali ya kikoloni wa kukikuza Kiswahili Uganda, akihofia hadhi ya Kiganda na ya ufalme wake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: lugha iliyokuja kwa amri huonekana kuwa chombo cha mwenye amri. Lakini neno mpira lilikuwa limekwisha kuzoeleka viwanjani pasipo sheria wala waraka.

Leo Uganda imekitambua Kiswahili katika katiba yake, na sisi watafiti tumo katika kutafuta njia za kukieneza. Viwanja vya Budo na Namilyango vinatupa funzo: watu hukumbatia neno pale wanapokuwa na kazi ya kulifanyia, na wakiachiwa nafasi ya kuweka la kwao kando yake. Anayetaka Kiswahili kikite mizizi Kampala na aanze kwa kuuliza ni wapi tayari kinachezwa.