Kitabu Kwanza, Barabara Baadaye: Historia Fupi ya Mafunzo ya Wasioona

Huduma ya makanisa yetu kwa wasioona ilianza na kitabu. Kanisa Anglikana lilifungua shule ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Walutheri wakafungua ya Irente, Lushoto, mwaka 1963. Humo watoto walijifunza nukta nundu, wakasoma kwa vidole vyao wenyewe. Hilo ni jambo kubwa. Lakini liko swali la pili: je, mtoto huyo akirudi kwao, atavukaje barabara?

Swali hilo lilichelewa hata Ulaya na Marekani. Valentin Haüy alifungua shule ya wasioona Paris mwaka 1785, akawachapishia vitabu vya herufi za kugusika. Mbinu ya kutembea kwa fimbo ndefu ilibuniwa na Richard Hoover nchini Marekani katika miaka ya 1940, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kati ya kitabu na fimbo ilipita zaidi ya miaka 150. Na bado njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa: mwaka 1837 Samuel Gridley Howe alitoa huko Boston atlasi ya ramani za kugusa. Kidole kisomacho herufi chaweza kusoma nchi. Na kisomacho nchi chaweza kusoma njia panda.

Tuchukue njia panda ya Nanganga, pale barabara ya kwenda Ruangwa inapotoka katika barabara kuu ya Mingoyo hadi Masasi. Mwalimu hahitaji fedha nyingi ili kuiweka mezani. Ubao watosha: lami iwe kadibodi laini, kando ya barabara iwe mchanga uliogandishwa kwa gundi, mtaro uwe kamba, na basi liwe kibiriti. Mwanafunzi hupapasa, akagundua kwamba barabara mbili zinakutana, na kwamba mdomo wa njia panda ni mpana kuliko barabara yenyewe. Akisukuma kibiriti upande wa kushoto, huelewa kwa nini gari la kwanza humjia kutoka kuume, na kwa nini gari linalokata kona laweza kumtokea nyuma. Hayo hayaelezeki vema kwa maneno matupu kwa mtu asiyepata kuiona barabara.

Lakini ubao hauna mlio wala mwendo. Kwa hiyo somo halikamiliki mpaka mwalimu amfikishe mwanafunzi barabarani, wasikilize pamoja, wangoje kimya, ndipo wavuke moja kwa moja, tena na tena.

Walawi 19:14 yakataza kumwekea kipofu kikwazo. Wengi wetu twadhani tumelitimiza agizo hilo kwa kumshika mkono. Bartimayo aliketi kando ya njia. Mwisho wa habari yake (Marko 10:52) yumo njiani. Mtumishi wa Bwana aliye na asiyeona katika usharika wake na ajiulize: je, tumemwacha wapi?