Saa Moja ya Nahodha Caulfeild: Tanga, Novemba 1914

Katika miji ya pwani, mwenye kupiga hodi husimama mlangoni mpaka aitikiwe, kwa kuwa hatua yake inayofuata ni kuingia nyumbani kwa mtu. Mpiga mbiu hasimami: hupiga pembe, hutangaza, hupita, na asiyesikia huambiwa na jirani. Wabunifu wa itifaki za mtandao wa kompyuta nao hutenganisha ombi linalosubiri jibu na taarifa isiyosubiri, na bado hubishana kama taarifa nayo iitikiwe. Naona isidaiwe kuitikiwa, ila pale mtumaji asipoweza kuendelea bila kujua kwamba imefika. Huko Tanga funzo hili lililipiwa kwa damu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la majini la Uingereza liliafikiana na wakuu wa Kijerumani wa Tanga kwamba mji usishambuliwe. Serikali ya London haikuyaridhia mapatano hayo, lakini wanamaji waliona ni aibu kuyavunja kimyakimya. Basi asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitia nanga, na Nahodha Caulfeild akamwambia mkuu wa wilaya, Auracher, aliyepanda melini, mambo mawili kwa pamoja: mapatano yamekwisha, na mji usalimu amri ndani ya saa 1. La kwanza lilikuwa mbiu, la pili hodi. Auracher akajibu kwamba lazima apate kwanza maagizo ya wakubwa wake, akashuka pwani, na bendera haikuteremshwa. Saa 1 ikawa 3. Muda huo telegramu ilikuwa imekwenda Moshi kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani.

Wapo watakaosema kwamba bila kungoja jibu, onyo lingekuwa hila. Sikubali. Mkataba wa The Hague wa 1907 juu ya kuanza vita ulimtaka mshambuliaji atoe onyo la wazi kabla. Haukumtaka adui aliitikie. Kwa nchi zisizofungamana na upande wowote ndipo mkataba uliposema hali ya vita haina nguvu kwazo mpaka taarifa izifikie, nazo zikiwa zimekwishajua kwa njia nyingine, haziwezi kujitetea kwa kutoipokea. Pingamizi la pili ni zito zaidi: meli 14 za askari wa Uingereza zingeonekana tu, na kamanda wao, Jenerali Aitken, mwenyewe alichelewa, akashambulia kwa nguvu zote tarehe 4. Ni kweli, na lawama kubwa ni yake. Hata hivyo, kila saa ilikuwa na uzito, maana reli ya Usambara ilikuwa imekwishafika Moshi tangu kabla ya vita, na askari walikuwa wakishuka nayo kundi baada ya kundi. Lettow-Vorbeck alifika usiku wa kuamkia tarehe 4. Watu wake wapatao 1,000 waliwashinda 8,000 wa Aitken, na tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiacha ufukweni bunduki 455 na risasi zipatazo 600,000.