Karama ya imani
Karama ya imani ni mojawapo ya vipaji vya Roho Mtakatifu anavyovitaja Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12. Hutofautishwa na imani iletayo wokovu, ambayo ni ya kila Mkristo: karama hii hupewa baadhi ya waamini ili wamtumainie Mungu kwa uthabiti wa pekee, kwa faida ya wengine. Mfano bora wa uthabiti huo ni Félicité Niyitegeka, Mkatoliki Mhutu aliyewahifadhi Watutsi katika Kituo cha Mtakatifu Petro, Gisenyi, Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari. Ndugu yake, afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Alikataa kuwaacha, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Rwanda imemtambua kuwa shujaa wa taifa, daraja la Imena.