Sufu Iliyotoka kwenye Mashudu ya Karanga

Historia ya Mpango wa Karanga wa Kongwa, Tanganyika, husimuliwa zaidi kwa upande wa mafuta. Upande wa mashudu, yaani makapi yanayobaki karanga ikishakamuliwa, umesahaulika, ingawa kuna wakati watu walivaa nguo zilizotokana nayo.

Wazo la kusokota protini iwe uzi lilipata nguvu Italia. Mtawala wake, Mussolini, alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Shirikisho la Mataifa liliiwekea nchi yake vikwazo, na Waitalia wakahimizwa kujitegemea kwa kila kitu. Ndipo kampuni ya SNIA Viscosa ilipotengeneza Lanital, uzi wa protini ya maziwa uliobuniwa na Antonio Ferretti.

Uingereza ilifuata njia ya mbegu. Katika Chuo Kikuu cha Leeds, William Astbury alikuwa akiipiga sufu picha za eksirei, akabaini kuwa unywele wa kondoo ni minyororo mirefu ya protini. Protini ya mbegu kama karanga nayo ni mnyororo, ila imejiviringa kama donge. Yeye na mwanabiokemia Albert Chibnall wakahoji: je, donge hilo likikunjuliwa na kunyooshwa, halitakuwa uzi? Ninaliona swali hilo kuwa miongoni mwa maswali mazuri zaidi ya sayansi ya zama zile.

Kampuni ya kemikali ya Uingereza, ICI, ikalifanyia kazi. Protini ilitolewa kwenye mashudu ya karanga kwa maji yenye kostiki soda, ikasukumwa kupitia matundu membamba sana hadi ndani ya tindikali, ikaganda papo hapo kuwa nyuzi, nazo zikaimarishwa kwa fomalini. Uzi huo uliitwa Ardil. Ulikuwa laini, wenye joto, na ulichanganywa na sufu au pamba. Astbury mwenyewe alivaa koti la Ardil.

Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1947, matingatinga yalikuwa yaking'oa vichaka vya Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza chini ya Waziri Mkuu Attlee ilitaka mafuta ya kula kwa Waingereza waliokuwa bado wakipimiwa chakula. Wagogo walioijua ardhi ile hawakusikilizwa. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakosekana, na Januari 1951 mpango ukavunjwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mwaka huohuo ICI ikafungua kiwanda cha Ardil huko Dumfries, Uskoti.

Kiwanda hicho hakikudumu. Ardil ilikuwa na kasoro kubwa: ikilowa maji, nguvu zake hupungua sana, na nguo isiyostahimili kufuliwa haina soko. Tena mashudu yalikuwa na mnunuzi mwingine, mfugaji. Pigo zito zaidi lilitoka ndani ya ICI yenyewe, iliyokuwa ikiendeleza Terylene, uzi wa kemikali za petroli uliovumbuliwa na wanakemia Whinfield na Dickson mwaka 1941. Terylene ilipolowa ilikauka upesi, wala haikuhitaji pasi sana. Mwaka 1957 utengenezaji wa Ardil ukasimamishwa.