Kibanda Kilivyopata Taratibu Zake

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika kibanda cha chakula pale Tena, mtaa wa Eastlands unaopakana na Umoja na Donholm kando ya barabara ya Outer Ring, hukuta taratibu ambazo hazijaandikwa popote. Menyu hakuna, na bei hazijabandikwa. Masufuria hufunuliwa moja baada ya jingine mbele yake, naye huchagua kwa macho na pua: madondo (maharagwe), ndengu, githeri, matumbo. Huketi kwenye benchi ubavuni mwa mtu asiyemjua, maji wakimimina kutoka jagi moja. Supu huongezwa bila malipo. Hesabu hufanywa mwishoni, mteja akitaja mwenyewe alichokula, chapo mbili na madondo na chai, na mama wa kibanda huliamini neno lake. Tokyo nako kuna maduka ya rameni, yaani tambi za supu, mojawapo maarufu likiwa Ramen Jiro lililoanza mwaka 1968, ambako mgeni asiyejua jinsi ya kuagiza huwatazama wenyeji kwanza, na watu husafiri makusudi kwenda kuuona utaratibu huo. Huku kwetu taratibu za kibanda huitwa umaskini, basi. Jina hilo halizitendei haki. Taratibu hizi zina historia, tena historia ya sheria: Nairobi iliita watu waje kufanya kazi bila kuwapa mahali pa kupikia, kisha ikawaadhibu waliowapikia.

Mji ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa zaidi ya nusu karne watawala wake walimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia. Mshahara ulikadiriwa kwa mahitaji ya mseja, na nyumba ikapimwa kwa nafasi ya kitanda. Familia ilitakiwa kubaki mashambani, imlishe mwanamume akirudi na imzike akifa. Lakini mtu mwenye nafasi ya kitanda tu bado hushikwa na njaa saa saba mchana. Pengo hilo lilizibwa na wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba wanawake wenye vyumba katika mitaa ya Pangani na Pumwani waliwauzia wafanyakazi hata chai, chakula na maji ya kuoga. Claire Robertson naye, mwaka 1997, alifuatilia wanawake wa Kiambu walioingia mjini kwa miguu wakibeba maharagwe, mahindi na mboga, huku serikali ikijaribu kuwazuia kwa vibali na sheria ndogo, na wazee wa kwao wakiunga mkono katazo hilo kwa sababu zao wenyewe. Njahi, maharagwe meusi ya asili, ikasukumwa pembeni na aina za maharagwe zilizopendelewa na soko la wakoloni, na maharagwe ndiyo yakawa chakula cha kila siku cha mfanyakazi wa Nairobi. Sahani ya madondo ina kumbukumbu ndefu kuliko majengo mengi ya jiji.

Mwaka 1954 unaonyesha mkanganyiko huo, wa kuwaita watu kazini na kuwaadhibu waliowapikia, kuliko mwaka mwingine wowote. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri rasmi kwamba mshahara wa mseja haumtoshi mtu, ikapendekeza malipo yanayoweza kutunza familia mjini. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil, msako wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, iliuzingira mji, na maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa, wachuuzi na wapishi wao wakiwemo. Serikali iliyokubali kwamba watu wanahitaji kula ndiyo iliyowafagia waliokuwa wakiwalisha. Ukiyatazama masharti hayo, umbo la kibanda linaeleweka. Ubao wenye jina humsaidia mteja, lakini humsaidia askari pia. Benchi jepesi na jiko la makaa vinaweza kubebwa kabla msako haujafika. Kupika kinachokwisha siku hiyo hupunguza hasara mali ikichukuliwa. Na daftari la madeni lilifuata mwendo wa mshahara: fundi wa mjengo anayelipwa Jumamosi hawezi kulipa Jumatano, na mama asiyemkopesha atampoteza kwa mama wa pili. Kumwamini mteja ataje alichokula ni upande wa pili wa daftari hilo, kwa kuwa biashara isiyoweza kumshtaki mtu mahakamani hulindwa na majina na nyuso.

Kuna pingamizi zito hapa, na ni lazima lijibiwe. Tena haikujengwa kwa ajili ya makuli wa reli. Ni mtaa wa baada ya Uhuru, wa nyumba zenye jiko na sebule, jirani wa Umoja ambayo ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo ulioungwa mkono na shirika la misaada la Marekani. Iweje basi historia ya Pumwani ieleze benchi la Tena? Jibu langu ni kwamba jiji lilibadilisha nyumba bila kubadilisha hesabu yake. Ramani za mitaa hii zilimchora baba anayetoka asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi jioni kula kwake. Hazikumchora fundi anayejenga ghorofa mtaani humo humo, wala kondakta, wala msusi, wala kijana anayepanga chumba kimoja na kuona gharama ya gesi ya kuchemsha maharagwe kwa saa tatu. Nyumba za familia moja za Eastlands zilipogeuka magorofa ya kupangisha, wakazi waliongezeka na sehemu za kulia zikabaki zile zile. Kando ya barabara pakajibu tena, kwa ufundi uliokwisha kupevuka.

Serikali ya Uhuru haikukosa mshauri. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, likisema kwamba biashara hizi ndogo zina tija na zinaonewa, likahimiza ubomoaji ukome na leseni zilegezwe. Ripoti ilisomwa dunia nzima, na mabuldoza yakaendelea. Mei 1990 Tume ya Jiji ilibomoa kitongoji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, ghasia zikazuka. Outer Ring ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, wafanyabiashara wa kandokando walihama tena. Barabara ile ilihitajika. Nalaumu desturi ya kumhesabu mpishi kama takataka ya eneo la ujenzi, mtu ambaye hapangiwi mahali pengine kwa sababu kwenye karatasi hayupo.

Pingamizi la afya ndilo linalotajwa zaidi, nami silipuuzi, maana kipindupindu huua. Lakini mwaka 2017 ugonjwa huo uliwapata wageni wa mikutano katika kumbi za hadhi jijini Nairobi, mawaziri wakiwemo. Uchafu hufuata maji, na maji hufuata mabomba. Mama ambaye hana bomba kwa sababu hana kibali, na hana kibali kwa sababu hana bomba, hawezi kuonyeshwa kama chanzo cha tatizo. Wajapani walipitia njia hii, kutoka kumwadhibu mpishi hadi kumtambua. Baada ya vita, mwaka 1945, chakula kilipogawanywa kwa mgao, vibanda vya rameni vilikuwa sehemu ya soko la magendo, na wenye vibanda walikamatwa. Mwaka 1994 Yokohama ilifungua jumba la makumbusho ya rameni. Fukuoka, ambako vibanda vya usiku vilibaki barabarani, ilipitisha sheria ndogo mwaka 2013 inayowatambua wenye vibanda na kuwapangia masharti: mahali, saa, usafi, maji taka. Sheria ile inambana mpishi kuliko uhuru wa Tena unavyombana, lakini inambana akiwa mtu anayetambuliwa.

Wengine watauliza kama huku si kuipamba dhiki, kwa sababu mama mwenyewe, akipewa nafasi, atafungua hoteli yenye mlango na kufuli. Huenda, na awe nayo. Hoja yangu haimtaki abaki kwenye moshi. Inataka atakapopewa mlango aruhusiwe kuingia na alichokijenga: benchi la pamoja, sufuria linalofunuliwa mbele ya mlaji, nyongeza ya supu, na mkopo hadi Jumamosi. Masoko mengi ya kisasa huchorwa bila mambo hayo. Mpishi hukatiwa kizimba mbali na wateja wake, kodi ikidaiwa kila mwezi kwa chakula kinacholipwa kila wiki, na baadaye watu hushangaa vizimba vikibaki vitupu na vibanda vikirudi kando ya barabara. Tangu Katiba ya 2010, leseni za biashara na masoko ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Nairobi ikitaka kujua kizimba cha chakula kiwe na upana gani, kodi ikusanywe siku gani na bomba lipite wapi, kipimo tayari kipo Tena, na kimejaribiwa kwa miaka mingi kuliko umri wa kaunti yenyewe.