Laki Nane za Baht: Historia ya Viza ya Wastaafu Nchini Thailand

Mgeni aliyetimiza umri wa miaka 50 anaweza kuishi Thailand mwaka hadi mwaka kama mstaafu, mradi athibitishe kwamba ana fedha za kujikimu bila kufanya kazi. Njia za kuthibitisha ni tatu, naye huchagua moja: akiba ya baht 800,000 katika benki ya nchini humo, kipato cha baht 65,000 kila mwezi, au akiba na kipato cha mwaka ambavyo kwa pamoja vinafika baht 800,000. Viwango hivyo vimedumu kwa zaidi ya miaka 20. Kilichobadilika ni ushahidi unaotakiwa, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyoamua maisha ya maelfu ya wazee kutoka Ulaya, Marekani na Australia.

Msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979. Kifungu cha 35 kinamruhusu ofisa wa uhamiaji kumwongezea mgeni muda wa kukaa, kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja kila mara. Masharti yenyewe hayamo ndani ya sheria. Hutolewa kwa amri za polisi, kwa kuwa uhamiaji wa Thailand ni idara ya polisi. Kwa sababu hiyo masharti yanaweza kubadilishwa bila kupitia bungeni. Mstaafu hapati ukaazi wa kudumu hata akiishi huko miaka 30. Hukatazwa kufanya kazi, huripoti anwani yake kila baada ya siku 90, na kila mwaka huanza upya kuthibitisha uwezo wake.

Wageni wa kwanza kuzoea nchi hiyo kwa wingi hawakuwa wastaafu. Wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilikuwa na kambi kubwa za jeshi la anga nchini Thailand, na wanajeshi wake walipelekwa huko kwa mapumziko. Pattaya, iliyokuwa kijiji cha wavuvi, ikageuka mji wa starehe. Majeshi hayo yaliondoka mwaka 1976, lakini hoteli, barabara na safari za ndege zilibaki na kupokea watalii. Baadhi ya wageni walioa, wengine walivutiwa na hali ya hewa ya Chiang Mai au utulivu wa Hua Hin, mji wa pwani wenye kasri la mfalme. Gharama za maisha zilikuwa nafuu, na pensheni iliyokuwa ya kubana kule kwao ilitosha vizuri Thailand.

Julai 2, 1997 serikali iliacha kuilinda thamani ya baht. Dola moja, iliyokuwa ikinunuliwa kwa baht 25 hivi, ilipanda hadi kupita 50 mwanzoni mwa 1998. Mstaafu aliyelipwa kwa dola au pauni alijikuta tajiri ghafla, wakati benki za nchi zikianguka na wafanyakazi wakiachishwa kazi. Katika kipindi hicho masharti nayo yalibadilika, na tarehe inayotenganisha zama zake mbili ni Oktoba 21, 1998. Aliyeingia kabla ya siku hiyo, na ambaye muda wake wa kukaa haujawahi kukatika tangu hapo, bado anapimwa kwa kipimo cha zamani: akiwa na miaka 60 au zaidi, baht 200,000 benki au 20,000 kwa mwezi, akiwa kati ya 55 na 59, baht 500,000 au 50,000 kwa mwezi. Aliyeingia baadaye hupimwa kwa laki nane. Kwa thamani ya fedha ya wakati ule, laki nane zilikuwa kama dola 21,000.

Milango ya kuingilia ilikuwa miwili, na wengi waliichanganya. Wa kwanza ni viza ya O-A, inayoombwa katika ubalozi wa Thailand nchini kwa mwombaji. Fedha zinaweza kuwa katika benki ya huko, lakini mwombaji huleta pia hati ya polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu, na cheti cha daktari kwamba hana ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya wala kaswende iliyofika hatua ya tatu. Mlango wa pili ni kuingia kwa viza ya O ya siku 90, kufungua akaunti Thailand, kisha kuomba nyongeza ya mwaka mmoja katika ofisi ya uhamiaji. Hapo hati ya polisi na cheti cha daktari havikuhitajika, lakini fedha zilipaswa kuwa ndani ya nchi.

Siku ya maombi ina mazoea yake. Asubuhi mstaafu hupita benki, akaweka au kutoa kiasi kidogo ili kitabu chake cha benki kionyeshe muamala wa siku hiyohiyo, kisha huchukua barua ya benki inayothibitisha salio. Katika ofisi ya uhamiaji hutoa fomu ya TM.7, picha, pasipoti, na nakala za kila ukurasa husika wa pasipoti na kitabu cha benki, kila nakala ikiwa na saini yake. Ada ni baht 1,900. Ofisa hufuata kwa kidole tarehe na salio, mstari baada ya mstari. Salio likiwa limeshuka hata kidogo chini ya laki nane katika kipindi kinachohesabiwa, ombi hukwama.

Wasiotaka kufungia fedha zao benki walitumia njia ya kipato, na kwa miaka mingi uthibitisho wake ulikuwa barua ya ubalozi. Katika ubalozi wa Marekani mwombaji aliapa mbele ya ofisa kwamba anapata kiasi fulani kwa mwezi, akalipa dola 50, na karatasi ikagongwa muhuri. Ubalozi ulishuhudia kiapo tu. Haukukagua kipato chenyewe. Uhamiaji wa Thailand, kwa upande wake, uliipokea karatasi hiyo kama uthibitisho. Utaratibu ulisimama juu ya pengo hilo: hakuna upande uliohakiki.

Mwaka 2018 pengo hilo lilizibwa. Uhamiaji ulitaka balozi zihakiki kipato cha raia wao. Uingereza na Marekani zilijibu kwamba haziwezi kufanya hivyo, na kuanzia Januari 2019 hazikutoa tena barua hizo. Australia na Denmark nazo ziliacha. Badala ya barua, uhamiaji ulikubali kumbukumbu za benki zinazoonyesha kwamba angalau baht 65,000 zimeingia kutoka ng'ambo kila mwezi kwa miezi 12. Mwenye pensheni halisi lakini aliyezoea kuiacha nchini kwao na kutoa kidogokidogo kwa kadi hakuwa na kumbukumbu hizo. Kipato alikuwa nacho. Njia ya kukionyesha ndiyo iliyokosekana.

Waliotumia akiba nao walibanwa. Awali fedha zilipaswa kukaa benki kwa kipindi fulani kabla ya maombi, na baada ya muhuri zingeweza kutolewa zote. Mianya hiyo ilizaa biashara ya mawakala, hasa katika miji ya watalii, waliowapanga wateja wasio na akiba waonekane wanayo. Kuanzia Machi 1, 2019 kanuni mpya ilidai laki nane zikae benki miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha salio lisishuke chini ya 400,000 kwa muda uliobaki wa mwaka. Sharti lililokuwa kipimo cha muda tu likawa amana ya kudumu: nusu ya fedha haiguswi kamwe, hata kwa matibabu.

Pigo hilo lilikuja wakati baht imepata nguvu. Katikati ya miaka ya 2000 pauni moja ilitoa baht 70 hivi, na baht 65,000 zilikuwa kama pauni 930. Kufikia 2019 pauni ilitoa baht 40 au pungufu, na kiasi kilekile kikawa zaidi ya pauni 1,600. Uingereza haiongezi pensheni ya serikali kwa raia wake wanaoishi Thailand. Kiwango alichoanza nacho mstaafu ndicho anachokufa nacho. Hivyo mzee ambaye hakuvunja kanuni yoyote, na ambaye kanuni yenyewe haikubadilisha tarakimu, aliweza kujikuta nje ya masharti.

Oktoba 31, 2019 ikaongezwa bima ya afya kwa wenye viza ya O-A: angalau baht 400,000 kwa matibabu ya kulazwa na 40,000 kwa wagonjwa wa nje. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi baht milioni 3. Sababu iliyotolewa ilikuwa bili za wageni ambazo hospitali za umma hazikulipwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa hospitali hizo zinagharimiwa na walipakodi wa nchi. Lakini kampuni nyingi za bima humkataa mteja mpya aliyevuka miaka 70 au 75, au huondoa magonjwa aliyo nayo tayari. Baadhi ya wenye viza ya O-A walitoka nchini wakarudi kwa viza ya O, ambayo haikubeba sharti hilo.

Nchi nyingine zilichagua kupima kwa njia tofauti. Ufilipino, iliyoanzisha mamlaka yake ya wastaafu mwaka 1985, hutegemea amana ya benki. Panama, kwa sheria ya mwaka 1987, hutaka pensheni ya maisha, ambayo sasa ni dola 1,000 kwa mwezi. Kenya hutoa kibali cha daraja la K kwa mwenye miaka 35 au zaidi anayethibitisha kipato cha dola 24,000 kwa mwaka na kuahidi kutofanya kazi ya malipo.

Thailand yenyewe ilifungua mlango mwingine Septemba 2022: viza ya miaka 10 kwa wastaafu matajiri. Sharti ni kipato kisichotokana na kazi cha dola 80,000 kwa mwaka, au dola 40,000 pamoja na uwekezaji wa dola 250,000 nchini. Mwenye viza hiyo huripoti anwani mara moja kwa mwaka badala ya kila siku 90. Tangu hapo wastaafu wamegawanyika makundi mawili. Tajiri huhakikiwa kwa kina mwanzoni, kisha huachwa aishi. Mwenye pensheni ya kawaida huaminiwa kwa mwaka mmoja tu, na kila mwaka lazima ajenge imani hiyo upya kwa kitabu cha benki.